Mwongozo wa Kuomba Uhadhiri wa Udaktari kwa Asiyetaka Kufundisha

Kila tangazo la nafasi za uhadhiri linapotoka katika vyuo vya tiba, mitaa inayovizunguka hubadilika kidogo. Maduka ya steshenari yaliyo jirani na hospitali za kufundishia hujaa madaktari wenye bahasha za kaki mkononi. Mawakili hugonga mihuri juu ya nakala za vyeti mpaka wino ukafifia. Na simu za maprofesa waliostaafu, zilizokaa kimya tangu Idi iliyopita, huanza kuita kabla ya adhana ya alfajiri. Wengi wa waombaji hao wana nia moja njema: wanataka kufundisha. Kwa hao ushauri upo tele, na wakubwa wao kazini huutoa bila malipo.

Waliosahauliwa ni kundi jingine, nalo si dogo. Ni wale wanaoutaka uhadhiri lakini hawana haja na wanafunzi. Wanataka cheo kitangulie jina, mlango wa ofisi uwe na kibao, na barua za mwaliko wa warsha zifike kwa wakati. Hao hawajawahi kuandikiwa mwongozo wao. Haki inadai kwamba nao wahudumiwe, na mwongozo wenyewe ndio huu.

Ushauri wa kwanza unahusu jina. Mwombaji mwenye busara huanza maandalizi kabla hajazaliwa. Huhakikisha kwamba bibi yake, karani wa vizazi, mwalimu wa darasa la kwanza na msajili wa chuo kikuu wanakaa kikao kimoja na kukubaliana herufi za jina lake. Asipofanya hivyo atajuta. Aliyeitwa Khamis nyumbani, akaandikishwa Hamis shuleni, kisha akatunukiwa shahada kama Hamisi, si mtu mmoja tena mbele ya afisa wa ajira. Ni watu watatu, na wawili kati yao wanashukiwa kuiba vyeti vya wa tatu. Itamlazimu kwenda kwa wakili kuapa kwamba wote watatu ni yeye. Daktari huyo anaweza kutofautisha malaria kali na homa ya uti wa mgongo saa nane za usiku kwa mwanga wa simu. Asichoweza bila muhuri ni kuthibitisha kuwa yeye ndiye yeye.

Sambamba na jina, mwombaji aangalie umri. Matangazo ya utumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45. Shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5, utarajali mwaka 1, na uzamili wa tiba miaka 3 au 4. Hapo katikati kuna miaka ya kusubiri ajira, miaka ya kutumikia wilayani, na miaka ya kutafuta ufadhili wa masomo, ambayo haina idadi maalumu. Mwongozo huu unashauri mwombaji asizeeke katika vipindi hivyo.

Ushauri wa pili unahusu alama. Matangazo mengi ya nafasi ya mkufunzi msaidizi hutaka wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Mwenye 3.7 hapaswi kukata tamaa. Afanye jambo moja tu: arudi nyuma miaka kumi na mitano, aingie tena katika chumba cha mtihani wa bayokemia wa mwaka wa kwanza, na safari hii asiwe na homa. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini, amehamia bwenini mwezi uliotangulia, na fikira zake zilikuwa kwenye ada aliyokuwa bado anadaiwa. Hakujua kwamba swali la mzunguko wa Krebs aliloliruka ndilo lingeamua kama angeruhusiwa, akiwa daktari bingwa mwenye mvi mbili tatu, kumfundisha mwanafunzi namna ya kumpokea mtoto mchanga asiyelia.

Ushauri wa tatu ni wa wasifu, yaani ule muhtasari wa maisha unaoambatishwa na barua. Mwombaji wa kawaida huandika kurasa nne. Mwombaji aliyesoma mwongozo huu ataandika arobaini. Siri iko katika kuvipa vitu majina yanayovistahili. Semina ambayo mtu alifika wakati wa chai na kuondoka baada ya kusaini posho iitwe mafunzo ya kimataifa. Aliyeshika kamba ya bango siku ya kupima shinikizo la damu viwanjani aandike kwamba alikuwa mratibu mwenza wa kampeni ya kitaifa. Aliyewahi kumwazima mwanafunzi kalamu ameshiriki katika malezi ya kitaaluma ya kizazi kipya. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hawakuwahi kukutana na afisa aliye na maombi mia tatu mezani na saa moja kabla ya chakula cha mchana.

Ushauri wa nne, ambao ndio moyo wa mwongozo, ni machapisho. Hapa mwombaji akumbuke kanuni moja: andiko halihitaji kusomwa, linahitaji kuhesabiwa. Kufanya utafiti wa kweli ni kazi ya kuchosha. Kuna kibali cha maadili, kuna wagonjwa wa kufuatiliwa miezi kadhaa, kuna mtakwimu anayeuliza maswali ya kuudhi, na baada ya hayo yote kuna wataalamu wenzake wanaopitia andiko na kulirudisha likiwa jekundu. Njia ya mkato ipo, na imepimwa kisayansi. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la mwandishi wa habari John Bohannon. Bwana huyo alitunga andiko la uongo kuhusu kemikali ya kuvu-mwani inayoponya saratani, akalijaza makosa ambayo mpitiaji makini angeyaona mara moja, kisha akalituma kwa majarida 304 ya mtandaoni kwa majina ya watafiti wa kubuni kutoka taasisi za kubuni za Afrika, mojawapo ikidaiwa kuwa Asmara. Majarida 157 yalilikubali.

Msomaji mwenye roho nyepesi atahuzunika kwamba aliyebuniwa kuwa mlaghai alipewa anwani ya Afrika. Mwombaji wa mwongozo huu ahuzunike kwa sababu nyingine: kwamba hakuliwahi wazo hilo yeye. Jarida laghai hutambulika kwa urahisi. Barua yake huja usiku, humwita mpokeaji profesa mashuhuri hata kama yu mwaka wa pili wa uzamili, humsifu kwa kazi yake ya macho ilhali yeye ni daktari wa mifupa, na huahidi jibu ndani ya saa 72 baada ya ada kulipwa. Mtu mwaminifu hufuta barua hiyo. Mwombaji wetu huiwekea alama ya nyota.

Kama hata kuandika ni kazi, basi aombe kuandikwa. Ushauri wa tano unahusu uandishi wenza. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti 4, na mtu hustahili kuitwa mwandishi akiyatimiza yote: awe amechangia kwa uzito wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa takwimu, awe ameandika au kuhakiki maudhui, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kila kilichoandikwa. Masharti hayo yanachosha hata kuyasoma. Mwombaji akumbuke badala yake mfano wa F.D.C. Willard. Mwaka 1975 jarida la fizikia la Physical Review Letters lilichapisha andiko kuhusu heliamu-3 la Jack Hetherington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, na mwandishi mwenza huyo. Hetherington alikuwa ameandika andiko lote peke yake lakini akatumia neno “sisi”. Mwenzake alimwonya kwamba jarida halitakubali “sisi” ya mtu mmoja. Kwa kuwa kuchapa upya kurasa zote kwa taipureta kulikuwa usumbufu, akaongeza jina la pili. Willard alikuwa paka wake, na jina lake la nyumbani lilikuwa Chester.

Paka huyo angalau alikuwapo andiko lilipoandikwa. Katika maandiko mengi ya tiba kuna majina ambayo hayakuwapo hata hapo: mkuu wa idara aliyewekwa kwa heshima, rafiki aliyewekwa kwa kubadilishana, na mfadhili aliyewekwa kwa tahadhari. Mwombaji ajiunge nao. Akiulizwa katika usaili andiko lake la saba lilihusu nini, ajibu kwamba ni suala pana.

Ushauri wa sita ni kuwa mhariri. Hakuna kinachong’arisha wasifu kama ujumbe wa bodi ya uhariri, na nafasi hizo hazina ushindani mkali kama watu wanavyodhani. Mwaka 2017 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya watafiti wa Polandi waliobuni msomi aitwaye Anna O. Szust. Jina hilo si la bahati: oszust kwa Kipolandi ni tapeli. Walimpa shahada za uongo na sura za vitabu zisizokuwapo, wakahakikisha hana chapisho hata moja la kweli, kisha wakamwombea kazi ya uhariri katika majarida 360. Majarida 48 yalimkubali, na 4 kati ya hayo yalimpa papo hapo cheo cha mhariri mkuu. Katika mwaka huohuo, huko Perth, Australia, profesa wa afya ya jamii Mike Daube alieleza jinsi Daktari Olivia Doll alivyoingia katika bodi za uhariri za majarida 7. Miongoni mwa mambo ambayo Daktari Doll alisema anayatafiti ni faida za kitabibu za kukunwa tumbo, mada aliyoijua kwa uzoefu, kwa kuwa alikuwa mbwa wa profesa huyo na jina lake halisi ni Ollie.

Kwa mujibu wa ushahidi huu, mwombaji aliyenyimwa nafasi ya uhariri na jarida la aina hiyo ana haki ya kuuliza mbwa alimzidi nini.

Ushauri wa saba unahusu wadhamini. Tangazo hutaka majina ya watu watatu wa kuaminika wanaoweza kumwelezea mwombaji. Kosa la wengi ni kuwachagua watu wanaowajua. Mtu anayemjua mwombaji anaweza kusema ukweli. Heri achague watu wakubwa wasiomfahamu kabisa, awaandikie barua yeye mwenyewe, na kuwaomba saini tu wakiwa wanaingia kwenye gari. Katika barua hiyo ajiite mnyenyekevu, kwani hakuna atakayemshuku mtu kwa kujiita mnyenyekevu kupitia kalamu ya mwingine. Akiwa na mjomba mwenye nafasi, asimweke katika orodha ya wadhamini. Mjomba hupigiwa simu pembeni.

Ushauri wa nane ni somo la majaribio, pale jopo linapomtaka mwombaji afundishe dakika kumi na tano ili wamwone. Aandae slaidi 64. Herufi ziwe ndogo kama punje za ulezi, na kila moja aisome kwa sauti akiwa amewapa wasikilizaji mgongo. Kabla ya kila jambo asilolielewa aseme “kama tunavyofahamu sote”. Kama ni mtu mchangamfu, aache hata slaidi, afuate njia ya Dakta Myron Fox. Mwaka 1970 dakta huyo alitoa mhadhara Marekani mbele ya kundi la wataalamu wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia na wafanyakazi wa ustawi wa jamii, kuhusu matumizi ya nadharia ya michezo ya kihisabati katika elimu ya madaktari. Alijibu maswali kwa ufasaha na kuwachekesha watu. Wasikilizaji walimsifu kwenye fomu za tathmini. Baadaye, mwaka 1973, watafiti waliomwalika walieleza katika jarida la elimu ya tiba kwamba Fox alikuwa mwigizaji, hakuijua mada, na alikuwa amefundishwa kusema maneno yanayopingana, yasiyo na maana, kwa sauti ya uhakika. Hakuna aliyemshtukia.

Hapo mwongozo unakamilika. Mwombaji atakayefuata mashauri yote manane, akiwa na jina moja, umri usiosogea, wasifu wa kurasa arobaini, maandiko ishirini yasiyosomwa, paka mmoja mwenza, bodi saba za uhariri, wadhamini watatu wasiomjua na ulimi wa Dakta Fox, atakuwa na nafasi nzuri. Hilo si mzaha.

Kicheko kikishapita, inafaa kuuliza ni nani anayelipia. Si jopo, wala si chuo katika mwaka ule wa kwanza. Bili ya mhadhiri asiyefundisha huchelewa kufika, na huenda ikapelekwa mahali pa mbali sana na chuo.

Hebu itazamwe zamu moja ya usiku katika kituo cha afya cha wilaya. Mama amejifungua salama, mtoto amelia, ndugu wamepiga vigelegele. Dakika kumi baadaye shuka limelowa damu. Daktari aliyepo ana miezi minane tangu amalize utarajali. Anapaswa kujua, bila kufungua kitabu, kwamba sababu iliyo ya kawaida zaidi ni tumbo la uzazi kulegea na kushindwa kukaza. Kwamba mkono wake uende juu ya tumbo na kulikanda. Kwamba muuguzi achome oksitosini na kufungua mshipa kwa maji. Kwamba aangalie kama kondo la nyuma limetoka lote, kama kuna mahali pamechanika, na kama damu inaganda. Na kwamba aite msaada sasa, si baada ya robo saa. Mambo hayo yote yamo vitabuni. Lakini ule mkono unaotambua tofauti ya tumbo lililokaza na lililolegea haukuelimishwa na kitabu. Kuna siku mtu aliushika, akauweka mahali pake na kusema: bonyeza hapa, unahisi? Kama mtu huyo hakuwapo, kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa na mwandishi mwenza wa maandiko ishirini ambaye hajaonekana wodini tangu aajiriwe, mama yule ndiye atakayelipa.

Chuo cha kwanza cha udaktari Tanzania kilifungua milango Dar es Salaam mwaka 1963. Leo madaktari hufundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma na Mbeya, na idadi ya wanafunzi imekua kuliko idadi ya walimu wanaoweza kusimama nao kando ya kitanda. Katika hali hiyo, kila nafasi moja ya uhadhiri inayojazwa vibaya ni darasa zima lililokosa mkono wa kuelekezwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwajiriwa huyo atakapostaafu.

Na kuna mwombaji ambaye mwongozo huu haukuwa na lolote la kumwambia. Yupo katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa miaka tisa amewapokea madaktari tarajali, na kila Jumatatu asubuhi huzunguka nao wodi nzima, akimwuliza kila mmoja kwa nini, na tena kwa nini, mpaka aliyekariri ajulikane na aliyeelewa ajulikane. Ana maandiko manne. Yote ameyafanya mwenyewe, na moja kati yake lilibadilisha namna hospitali yake inavyowapima wajawazito. Wastani wake wa shahada ya kwanza ni 3.6. Mfumo wa maombi humkataa kabla ya binadamu yeyote kusoma jina lake, hata kama ameandika herufi zote sawasawa. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni mabingwa katika mikoa kadhaa, bado humpigia simu usiku wakiwa na mgonjwa mgumu. Hiyo ni tathmini ya ualimu ambayo fomu yoyote ingeionea wivu, na hakuna mahali pa kuiandika katika fomu ya maombi.

Ni rahisi, baada ya kusema hayo, kudai kwamba vigezo vya namba vifutwe. Rai hiyo si ya haki. Namba ziliingia katika ajira kwa nia njema, nayo ilikuwa kumzuia mjomba. Pale ambapo hakuna kiwango kilichoandikwa, hukumu hubaki mikononi mwa wakubwa, na historia ya hukumu za namna hiyo inajulikana. Mtoto wa mkulima aliyepata 3.9 alipata nafasi yake kwa sababu 3.9 haibembelezwi. Anayeibeza namba akumbuke alikuwa nani aliyeteseka kabla yake. Ugonjwa uko penginepo: namba iliyowekwa kuwa uzio imegeuzwa kuwa hakimu, na baada ya hapo watu wamejifunza kumlisha hakimu anachopenda kula. Palipohesabiwa maandiko, yalizaliwa majarida laghai. Palipohesabiwa vyeti vya warsha, zilizaliwa warsha za vyeti.

Wanasayansi wenyewe wameliona jambo hili. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanza mwaka 2012, linazitaka taasisi ziache kutumia vipimo vya jarida kama kibadala cha ubora wa andiko moja moja, na badala yake zitazame maudhui ya kazi yenyewe wakati wa kuajiri na kupandisha vyeo. Kwa lugha nyepesi, linawaomba wanajopo wasome.

Kusoma kunawezekana hata penye maombi mia tatu. Uzio wa namba ubaki, lakini uwe na lango: mwombaji aliyepungukiwa kidogo na alama za ujanani, ila ana miaka ya kufundisha inayothibitika, aruhusiwe kufika mbele ya jopo, na sababu ya kumruhusu iandikwe ili mjomba asijipenyeze hapo hapo. Mwombaji atakiwe kuleta maandiko mawili tu anayoyaona bora, wala si ishirini. Wanajopo wawili wayasome, na katika usaili wamwulize alifanya nini yeye mwenyewe, alikosea wapi, na leo angefanya nini tofauti. Aliyeandika kweli hujibu swali hilo kwa furaha, na huwa vigumu kumnyamazisha. Jarida lililotajwa likaguliwe na mkutubi wa chuo, ambaye kazi hiyo huijua vizuri na mara nyingi haulizwi. Wadhamini wapigiwe simu, na swali la kwanza liwe: umemwona akifundisha? Kisha waulizwe wawili watatu waliowahi kufundishwa naye.

La mwisho ndilo lililo rahisi na ndilo lisilofanyika. Somo la majaribio lihamishwe kutoka ukumbini kwenda wodini. Apewe mgonjwa aliyeridhia, wanafunzi wanne wa mwaka wa nne, na dakika ishirini. Jopo likae nyuma, kimya. Litazame kama alimsalimu mgonjwa na kumweleza kinachoendelea kabla ya kumgusa. Litazame kama alimwona mwanafunzi aliyejificha nyuma ya wenzake, na kama mwanafunzi aliyejibu vibaya aliondoka pale akiwa amefedheheka au akiwa amejua. Mbele ya kitanda slaidi 64 hazina pa kuwekwa, na Dakta Fox hawezi kudumu dakika tano, kwa sababu mgonjwa hatimaye huuliza ana tatizo gani.

Waombaji wenye nia njema nao wana la kuchukua. Wale wanaotaka kufundisha wasikubali kununua nafasi kwa maandiko ya uongo eti kwa kuwa wenzao wananunua. Andiko la uongo katika tiba haliishii kwenye wasifu. Kuna siku daktari aliye mbali na maktaba nzuri ataliamini na kumpa mtu dawa kwa kulifuata. Badala yake waweke kumbukumbu za ufundishaji wao tangu siku ya kwanza: mada walizofundisha, tarehe, idadi ya wanafunzi, maoni waliyopewa, na walichobadilisha baada ya maoni hayo. Daftari hilo leo halina uzito katika mizani ya ajira. Litaupata siku wanajopo wa kutosha watakapolidai, na baadhi ya wanajopo wa siku hiyo ni waombaji wa leo.

Tangazo jingine litatoka, na maduka ya steshenari yatajaa tena. Katika bahasha mojawapo kutakuwa na wasifu wa kurasa nne, bila paka na bila bodi ya uhariri, wa mtu anayezunguka wodi kila Jumatatu. Itatosha kama safari hii kutakuwa na mtu upande wa pili wa meza atakayeifungua na kusoma mpaka ukurasa wa mwisho.